Korongo Asiye na Kichwa

Ryansoro, 6 Mei 2024

Mzee Houssein,

Hunijui. Naitwa Klara, naishi Ryansoro, mkoani Gitega, na barua hii ameibeba Anatoli, yule dereva anayeleta viazi huko kwenu Muyinga. Ndiye aliyeniambia kwamba wewe ni fundi wa saruji, kwamba ule mnara mwembamba wa msikiti mdogo karibu na soko uliujenga wewe, na kwamba tangu usimame haujapata hata ufa. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya muhogo ulioloweshwa, siku ya Pasaka, ikafa. Hata ingekuwa nzima, vipimo ni vitu vya kuandikwa, si vya kupigiana kelele.

Mimi ni mmoja wa waliorudi. Tuliondoka kwa sababu ya vita nikiwa na miaka kumi, nikakulia kambini Kigoma, Tanzania, nikaolewa huko na Adriano. Mwaka 2012 tukarudi, familia kumi na mbili, tukajenga hapa kando ya barabara. Kule Kigoma tulikuwa tunaitwa Warundi. Hapa, mwaka wa kumi na mbili sasa, makonda wakifika mbele ya nyumba zetu wanapaza sauti, "Kwa Watanzania! Nani anashuka kwa Watanzania?" Nimechoka, mzee. Watoto wangu wawili wamezaliwa hapa hapa, na shuleni wanaitwa Watanzania. Yule mdogo hajui hata Kigoma iko upande gani.

Kwa hiyo akina mama wa kikundi chetu tumekata shauri. Tunataka utujengee korongo mkubwa wa saruji kando ya barabara, mita tano, mwenye mdomo mrefu na mabawa yaliyofunguka kidogo. Kichwa chake kielekee Gitega. Magari yanatupita bila kusimama kununua matunda yetu, lakini tukiwa na korongo yatasimama, na watu watapaita Korongoni. Liwe jina la mahali, lisiwe tena jina la watu. Hilo tu ndilo ninalolitaka duniani mwaka huu.

Mawe tunayo, mchanga tunao, na mikono ya kusaidia haikosi. Nijibu kama unaweza.

Klara


Muyinga, 15 Mei 2024

Mama Klara,

Amani iwe kwako, kwa Adriano na kwa watoto. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mke wangu Mwajuma asikie, kwa sababu Kiswahili chako ni kitamu. Sisi wa Muyinga tunasema tu mradi tumeelewana. Wewe hata mtaro unauandikia kwa heshima, "korongo mkubwa, mwenye mdomo", kama mgeni aliyekuja na koti. Tumecheka, lakini ni kicheko cha kupenda.

Neno korongo nalijua. Nilifanya kazi ya barabara upande wa Ngara miaka minne, na makorongo ya kule nimeyajengea kuta mpaka mgongo ukapinda. Kazi nimeikubali. Nimesema mbele ya Mwajuma na mbele ya Anatoli: korongo ya Ryansoro nitaijenga mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Waulize watu wa hapa kama nimewahi kusema hivyo nikarudi nyuma.

Sasa tuongee kazi. Mdomo mrefu hausaidii, mi nataka mdomo mpana. Mdomo mwembamba unaziba kwa majani na chupa za plastiki, mvua mbili tu. Mabawa usiyafungue kidogo, yafungue sana, ndiyo yanayozuia maji kula ukingo wa barabara. Kichwa kuelekea Gitega iko sawa, kama mteremko unakwenda huko. Unakwenda huko? Tumbo hukuitaja kabisa. Tumbo iwe na nafasi, mtu aweze kuingia na jembe kuisafisha. Na mita tano ni mchezo. Tufanye kumi na mbili, ilale vizuri kando ya barabara.

Jambo la mwisho, na hili ndilo kubwa: korongo yenu itatapika wapi? Isije ikatapika kwenye shamba la jirani mkaanza kugombana. Jirani wa upande wa chini ni nani, na mnakaa naye vipi?

Petroli ni ya shida, kwa hiyo Anatoli akichelewa usidhani nimelala.

Houssein, fundi


Ryansoro, 29 Mei 2024

Mzee Houssein,

Nilipofika pale unapouliza korongo atatapika wapi, niliketi chini kwenye vumbi. Adriano alikuja mbio akidhani nimepokea msiba. Nikamsomea. Naye akaketi.

Mzee wangu, "korongo la" ni mtaro uliochimbwa na maji. "Korongo wa" ni ndege! Ni yule mnayemwita kwa Kirundi umusambi, mwenye taji la manyoya ya dhahabu, anayecheza dansi bondeni. Ndege wa saruji, amesimama kwa miguu miwili, mita tano kwenda juu ili aonekane toka kwenye kona. Mdomo ni mdomo wake, mabawa ni mabawa yake. Tumbo lake hataingia mtu na jembe. Kosa ni langu pia, kwa sababu neno moja tu, "ndege", lingetuokoa wote wawili. Lakini nilikuwa na haraka, na katika kichwa changu tayari alikuwa amesimama pale.

Ndiyo maana nilikutafuta wewe wa mnara. Mafundi wa hapa wananiambia nimweke ameketi, kwa kuwa miguu myembamba haitabeba saruji. Korongo aliyeketi si ni bata tu? Adriano amekuchorea nyuma ya karatasi hii. Ukiona kama jembe lenye miguu, usimlaumu, mkono wake ni wa kulima.

Umeuliza jirani. Upande wa chini hakuna mtu. Upande wa juu yupo Anisia, mjane, msusi wa vikapu, mlango wake unatazama barabara. Yeye hakuondoka. Miaka yote tuliyokuwa mbali alikuwa hapa. Anatusalimia vizuri, anaulizia watoto, lakini hajawahi kuketi kwangu, na akizungumza na wengine husema "wale Watanzania". Nadhani namwelewa. Ila inauma.

Nijibu upesi.

Klara


Muyinga, 2 Julai 2024

Mama Klara,

Usimlaumu Anatoli wala petroli. Amepita hapa mara mbili na mara mbili nimemwambia sina barua. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijui niandike nini, na nimeona haya.

Mi ni Mwislamu, na katika kazi hii mwaka wa thelathini na tano sijafanya kiumbe chenye roho, hata kifaranga. Anayefanya simhukumu. Ni mimi tu, ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyomlea binti yangu Layla. Watu wakiniletea picha ya simba wa kuweka getini ninawatuma kwa mwingine. Lakini wewe sikukutuma kwa mwingine. Nilisema mbele ya watu wawili kwamba korongo nitaijenga, na sikusema korongo gani. Mwajuma anasema niliapa kwa mtaro, siyo kwa ndege. Mi nasema neno limetoka mdomoni mwangu na wewe umelitegemea, umeshawaambia wenzako. Wiki tano nimezunguka na jambo hili kama mtu mwenye jino bovu.

Mwishowe nikaenda kwa shehe wetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kwanza, akataka nimsimulie tena pale pa kutapika. Halafu akasema kwamba kitu kisicho na kichwa hakihesabiwi kiumbe. Kiko kama mti, kiko kama nguzo.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyoweza. Nitakuja nijenge miguu, mwili, mabawa na shingo, na miguu haitavunjika, hilo niachie mimi. Juu ya shingo nitaacha nondo tatu zimetokeza. Kichwa kitafanywa na mtu mwingine, nikiwa nimeshaondoka. Najua si hicho ulichoomba. Ukikasirika una haki.

Houssein


Ryansoro, 9 Julai 2024

Mzee Houssein,

Nimekasirika.

Korongo asiye na kichwa ni nini kama si kuku aliyechinjwa? Tutaweka kuku aliyechinjwa wa mita tano mbele ya nyumba zetu, halafu tuwaambie makonda watuheshimu? Nikuambie yote: mwanzoni nilidhani umetafuta sababu. Nilidhani umesikia kwamba sisi ni wale waliorudi, ukaona hatustahili jasho lako. Adriano alinikemea. Aliniambia, mtu asiyetaka kazi haendi kwa shehe kuitafutia njia. Leo naona alisema kweli.

Sasa njoo. Kikundi kimekubali, wawili tu wamenung'unika. Kichwa tutajua wenyewe. Utalala kwenye chumba cha mbele, na nimenunua sufuria mpya ambayo haijawahi kukutana na nguruwe. Imeandikwa jina lako kwa msumari, ili mtu asije akajisahau.

Klara


Muyinga, 14 Agosti 2024

Mama Klara,

Nimefika nyumbani salama. Mgongo unauma, lakini ni maumivu ya mtu aliyeshiba. Sufuria nimemwonyesha Mwajuma, akaiweka juu ya rafu, haipikiwi.

Sasa sikiliza, maana najua Adriano ni mvivu wa maji. Magunia mliyomfunika korongo "wa" (umeona, nimejifunza) yamwagiliwe asubuhi na jioni, wiki mbili kamili. Simenti inayokauka haraka inapasuka, na mguu wa kushoto ndio unaobeba kila kitu. Msimtundikie watoto. Na ule mtaro niliouchimba nyuma yake usiuzibe. Niliahidi korongo, basi nimewapa zote mbili, na maji ya yule mama wa juu yatapita bila kugusa miguu.

Yule mama, Anisia. Siku nane alisimama mlangoni kwake kila asubuhi akinitazama. Siku ya tisa alishuka mpaka kwenye shantye, pale pa kazi, akaniuliza kama ndege huyu anaumwa. Nikamwambia hapana, anangoja kichwa. Akasema, "Nani anamufanyia kichwa?" Nikasema sijui. Akarudi nyumbani. Sijui nini ilimleta, lakini nimeona nikuandikie.

Siku nilipoondoka niligeuka pale kwenye kona. Iko nzuri, Mama Klara. Hata bila kichwa iko nzuri. Mungu anisamehe kama nimefurahi kupita kiasi.

Houssein


Ryansoro, 3 Septemba 2024

Mzee Houssein,

Magunia tuliyamwagilia. Hakuna ufa hata mmoja. Mambo mengine yote yameharibika.

Adriano alifanya kichwa cha udongo. Kilikuwa na mdomo mrefu kama tulivyokubaliana, lakini ukikitazama kwa mbali unaona bata anayelamba kisu. Mvua ya kwanza ikakishusha. Akafanya cha pili, nacho kikaanguka, nusura kimpige mteja wangu wa parachichi. Sasa kumebaki shingo na zile nondo tatu.

Na magari yanasimama, mzee! Hilo nililitaka nimelipata. Watu wanashuka, wanapiga picha, wanacheka, wananunua ndizi mbili, wanaondoka. Unajua makonda wanapaita nini sasa? "Bila Kichwa." Wengine wanaunganisha: "Watanzania Bila Kichwa, nani anashuka?" Jana binti yangu alirudi kutoka shuleni akaingia ndani moja kwa moja, hakutaka chakula. Nililitaka jina, nikaenda kulitafuta kwa miguu yangu, nikaleta tusi. Kwa miaka kumi na mbili walituita wageni tu. Sasa tumekuwa wageni wajinga.

Jumapili ijayo kikundi kitakutana. Wengi wanataka tumvunje. Nadhani sitawazuia. Nakuandikia kabla hujasikia kwa Anatoli, kwa sababu ulimjenga kwa upendo na mimi niliona. Nisamehe, nalia ninapoandika na wino umechafuka.

Klara


Muyinga, 7 Septemba 2024

Mama Klara,

Msimvunje. Waambie wangoje.

Nitakuja nifanye kichwa. Mwajuma hapendi, lakini ameniandalia mfuko. Layla amelia kidogo. Mi sijabadilika, bado naona ni kosa kwangu, lakini binti yako kuacha kula ni kosa kubwa zaidi, na hili nimelisababisha mimi. Nitazungumza na Mungu mwenyewe, ananijua.

Anatoli akipata petroli nitakuwa hapo kabla ya mwisho wa mwezi.

Houssein


Ryansoro, 20 Septemba 2024

Mzee Houssein,

Usije. Au njoo, lakini uache mwiko nyumbani, uje kula tu. Namkimbiza Anatoli na barua hii leo hii ili ikukute kabla hujapanda gari.

Jumapili ile tuliketi chini ya shingo ya korongo, wanawake kumi na mmoja, na nyundo tayari iko hapo. Anisia akashuka. Alikuwa na fungu la majani makavu kichwani na mkonge mkononi. Hakusalimu mtu. Akasema, "Hii ndege yenu iko inanisumbua roho. Kila asubuhi nikifungua mlango naona shingo tu. Mutanipa ngazi ao hamunipe?"

Tukampa ngazi. Alipanda juu, mwanamke wa miaka sitini na saba, akaanza kusuka kwenye nondo zako, kama anavyosuka kikapu, toka chini kwenda juu. Nikamwita nikamwambia mdomo uwe mrefu. Akaniangalia toka kule juu. "Umusambi haina mdomo murefu," akasema. "Mdomo yake ni fupi. Wewe ulitoka mutoto, haukuiona vizuri." Mzee, nilijisikia kama nimepigwa kofi, kwa sababu ni kweli. Niliondoka na miaka kumi. Yule korongo niliyekuandikia mwezi wa tano nilimtunga mwenyewe nikiwa kambini, na kila mwaka nilimwongezea mdomo. Nililia pale chini mbele ya watu wote. Anisia hakuninyamazisha, aliendelea kusuka. Baadaye akasema, kama anayejisemea, kwamba zamani korongo walikuwa wanashuka bondeni kumi, kumi na tano, na yeye ndiye aliyekuwa akiwafukuza kwenye mtama wa baba yake. Wakaacha kuja, na hakuna aliyebaki wa kukumbuka naye, maana waliokuwa wakiwafukuza pamoja naye walikuwa wameondoka.

Kazi ilichukua siku nne. Adriano alipaka saruji nyembamba juu ya ususi, na taji likaachwa majani matupu, ya manjano, yanatikisika upepo ukipita. Anisia anasema yataoza, na kila kiangazi atapanda ngazi kuyabadilisha, na akishindwa atanifundisha mimi. Siku hizo nne alikula kwangu. Siku ya kwanza alisimama mlangoni na sahani. Siku ya pili aliketi.

Jana tulikwenda naye Gitega kununua rangi nyekundu ya koo la korongo, kwa kuwa hakukubali niende peke yangu nikakosea tena. Tulirudi na gari la saa tisa. Tulipofika kwenye kona, konda akagonga bati akapaza sauti kama kawaida yake, "Bila Kichwa! Kwa Watanzania! Nani anashuka?"

Anisia alikuwa amekaa dirishani. "We kijana," akasema, "kichwa iko. Fungua macho. Na hapo hapana kwa Watanzania."

Konda akacheka. "Sasa ni kwa nani, bibi?"

Nilishika kiti cha mbele yangu. Nilikuwa nangoja aseme umusambi, mzee, nilikuwa naliomba neno hilo moyoni, lenyewe tu, lisemwe mara moja na mtu wa hapa.

"Ni kwetu," Anisia akasema. "Kwangu na kwa huyu mdogo wangu."

Gari zima likageuka kunitazama. Konda naye akanitazama, akaona hakuna anayecheka, akatoa kichwa nje na kupaza sauti, "Haya, kwa bibi na mdogo wake! Nani anashuka?"

Si jina nililolitaka. Ni refu, na halina hata unyoya mmoja ndani yake. Lakini aliuliza nani anashuka, na Anisia alikuwa bado anafunga kopo la rangi kwenye kitenge chake, kwa hiyo nilijibu mimi.

Nikasema, "Tunashuka."

Klara